Kobalti ni yetu, mbona hatumo? Mwongozo wa kuchuja kampuni kama fahirisi za teknolojia zinavyochuja

"Yaya, kobalti ya betri inatoka kwetu. Mbona nikifungua orodha ya fahirisi ya betri sioni jina hata moja la hapa?"

Swali hilo linanifikia mara kwa mara hapa Lubumbashi, kutoka kwa wanafunzi wa chuo kikuu kule Kasapa na hata kwa watu wazima wenye kazi zao mjini. Huwa linafuatwa na lingine: ni nani hasa anayekaa chini kuamua kwamba Tesla iingie kwenye orodha hiyo ya hisa na fulani abaki nje? Maswali yote mawili ni ya haki. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na sehemu kubwa mno ya hiyo inatoka kwenye ukanda wetu, kuanzia hapa hadi Kolwezi.

Jibu fupi: mara nyingi hakuna anayechagua jina kwa jina. Kuna kanuni zilizoandikwa, na kampuni hupita au hukwama. Umuhimu wa kampuni kwenye maisha ya watu hauulizwi popote katika kanuni hizo. Jibu refu utalielewa vizuri zaidi ukiifanya kazi hiyo kwa mkono wako, kwa kampuni chache, kwa kalamu na simu. Ukimaliza utakuwa na fahirisi ndogo ya karatasini, na ukikutana na fahirisi yoyote ya mada, iwe ya betri, roboti, akili bandia au usalama wa mtandao, utajua uifungue ukurasa gani.

Nadharia nitakupa kidogo tu. Fahirisi ni orodha ya hisa, kila moja na uzito wake, inayohesabiwa thamani yake kila siku ya soko. Fahirisi yenyewe hainunuliki. Watu hununua sehemu za mfuko unaoifuata. Kwa mfano, mfuko wa Global X wa lithiamu na betri ulioanza Julai 2010 unafuata fahirisi iliyotengenezwa na kampuni nyingine kabisa, Solactive ya Frankfurt. Mwenye mfuko na mtunga fahirisi ni watu wawili, na kanuni zipo kwa yule wa pili.

Onyo la kwanza kabisa, na naomba ulichukue kwa uzito: mtu akikuandikia kwenye WhatsApp kwamba anakuuzia "fahirisi ya akili bandia" au "hisa za kobalti" kwa dola hamsini, mwache hapo hapo. Nchi yetu haina soko la hisa, na hisa za kweli hupitia kwa dalali aliyesajiliwa katika nchi yenye soko. Mwongozo huu unakufundisha kusoma kanuni. Pa kuweka pesa yako haupaoneshi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Simu au kompyuta yenye programu ya majedwali. Daftari lenye mistari pia linafaa, na umeme ukikatika halizimiki.
- Mega za kutosha kupakua faili nne au tano za PDF. Ripoti ya mwaka ya kampuni kubwa inaweza kuwa nzito, kwa hiyo pakua usiku bei ya mega ikiwa nafuu, usome mchana bila mtandao.
- Kitabu cha kanuni cha fahirisi moja ya kweli, cha kulinganisha nacho. Kinatolewa bure na mtunga fahirisi. Andika jina la fahirisi kwenye mtandao, ongeza neno methodology, utakipata.
- Ripoti za mwaka za kampuni utakazochuja, kutoka kwenye tovuti zao wenyewe. Usitumie picha za skrini ulizotumiwa na rafiki.
- Kikokotoo.

Nyaraka nyingi ziko kwa Kiingereza, chache kwa Kifaransa. Usiogope. Utakachohitaji ndani yake ni majedwali na namba zaidi ya maneno.

Hatua ya 1: Andika mada yako kwa sentensi moja

Iandike kabla hujafikiria kampuni yoyote. Sentensi mbovu: "kampuni za betri". Sentensi nzuri: "kampuni zinazopata mapato kwa kutengeneza betri za kuchajiwa, au kwa kuchimba na kusafisha madini yanayoingia kwenye betri hizo."

Unaona tofauti? Ya pili tayari imeamua kwamba wachimbaji na wasafishaji wamo. Fahirisi nyingine hufunga mlango hapo hapo, zikisema zinataka watengenezaji wa betri peke yao, na ukanda wote wa Katanga umeshatoka kabla ya hesabu kuanza. Kwa hiyo ukifungua kitabu cha kanuni, soma kwanza aya inayoeleza mada. Watu huiruka kwa sababu inaonekana kama maneno ya kutangaza biashara, wakati nusu ya uamuzi iko humo.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika sentensi huku kichwani una kampuni unayoipenda. Utaiandika sentensi ili iingie.

Hatua ya 2: Chora uzio

Uzio ni kundi la hisa zinazoruhusiwa hata kufikiriwa. Andika mambo matatu: masoko gani ya hisa yanakubalika, aina gani ya hisa, na kampuni yenye hisa sehemu mbili itahesabiwaje. BYD, mtengenezaji wa betri na magari wa China, kwa mfano, inauzwa Hong Kong na Shenzhen. Chagua laini moja, yaani hisa ya soko moja, kwa kawaida ile ambayo wageni wanaifikia kwa urahisi na inayouzwa kwa wingi, ili usiihesabu kampuni moja mara mbili.

Hapa ndipo swali tuliloanza nalo linapata jibu lake la kwanza. Gécamines ni kampuni ya madini ya serikali na hisa zake haziuzwi kwenye soko lolote. Ina sehemu kwenye migodi mingi, kama ile asilimia 20 ya Tenke Fungurume, lakini fahirisi haiwezi kubeba kisichouzwa. STL, kampuni tanzu yake inayochakata lile lundo la mabaki linaloonekana karibu na bomba la moshi la mjini, vilevile. Lundo hilo lina kobalti, na lina gerimaniamu, madini yanayotumika kwenye nyaya za fiba na kwenye vifaa vya kuona joto. Mwaka 2024 Umicore ya Ubelgiji ilitangaza makubaliano na STL juu ya gerimaniamu hiyo. Kwa fahirisi, anayeonekana kwenye habari hiyo ni mmoja tu: Umicore, kwa kuwa inauzwa kwenye soko la Brussels. Na Umicore ndiyo mrithi wa Union Minière ileile iliyoanzishwa mwaka 1906 kuchimba shaba ya hapa. Mwenye lundo haonekani, anayelinunua anaonekana.

Kwa hiyo ukitaka kuiona Katanga kwenye fahirisi, itafute kwa anwani za mbali, kwa kampuni za kigeni zenye migodi huku: Glencore kwenye soko la London, CMOC kwenye Hong Kong na Shanghai, Zijin hukohuko, Ivanhoe Mines kwenye Toronto.

Hatua ya 3: Tengeneza orodha ndefu

Andika majina 20 hadi 30 yanayogusa sentensi yako. Usichuje bado.

Onyo moja: usitegemee makundi ya sekta yaliyotengenezwa tayari. Mfumo unaotumika sana, ule wa watunga fahirisi MSCI na S&P ulioanza mwaka 1999, unaiweka Tesla pamoja na watengenezaji magari na Amazon pamoja na wauza rejareja. Mwezi Septemba 2018 Alphabet (mwenye Google) na Facebook ziliondolewa kwenye teknolojia zikapelekwa mawasiliano, na Machi 2023 Visa na Mastercard zikahamishiwa fedha. Ukichuja kwa kubonyeza "teknolojia" tu, utapoteza nusu ya mada yako bila kujua. Fahirisi za mada zilizaliwa kwa sababu hiyo hiyo: mada hukata sekta kadhaa kwa mkupuo.

Hatua ya 4: Chujio la mapato

Hili ndilo chujio linaloangusha wengi, basi tulia hapa.

Fungua ripoti ya mwaka ya kampuni, tafuta neno segment. Utafika kwenye jedwali linalogawanya mapato kwa matawi ya biashara. Chukua mapato ya tawi linalogusa mada yako, gawanya kwa mapato yote, zidisha kwa 100. Basi.

Mfano wa zoezi, namba zake nimezitunga: kampuni ina mapato ya dola bilioni 8, na tawi lake la malighafi za betri lilileta bilioni 3.2. Hiyo ni asilimia 40.

Sasa mpaka. Fahirisi nyingi hutaka asilimia 50 ili kampuni iitwe ya mada kamili. Nyingine huweka ngazi: nusu na zaidi ngazi ya kwanza, asilimia 20 hadi 50 ngazi ya pili, na ngazi ya pili hupewa uzito mdogo. Kampuni yetu ya asilimia 40 inaanguka kwenye fahirisi ya aina ya kwanza na inapita kwenye ya pili. Kampuni ileile, mwaka uleule.

Jaribu na za kweli uone linavyouma. CMOC inamiliki asilimia 80 ya Tenke Fungurume, ambayo sehemu yake kubwa iliinunua mwaka 2016 kutoka kwa Freeport-McMoRan, na leo ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote wa kobalti duniani. Fungua jedwali lake la mapato. Utakuta sehemu kubwa zaidi inatoka IXM, kampuni yake ya kununua na kuuza madini iliyoichukua mwaka 2019. Biashara ya aina hiyo ina mapato makubwa na faida nyembamba, kwa sababu kila tani inayopita mkononi huhesabiwa kwa bei yake yote. Isitoshe, kobalti ya Katanga hutoka pamoja na shaba, na shaba ndiyo inayoleta pesa nyingi. Ukigawanya, kobalti inabaki kipande kidogo. Mzalishaji wa kwanza duniani anakwama kwenye chujio la kobalti.

Glencore ni hivyo hivyo: makaa ya mawe, shaba, zinki, nikeli na biashara kubwa ya kuuza bidhaa za wengine. Albemarle ya Marekani, ambayo wengi wa hapa hawajawahi kuisikia, inapita kwa kuwa lithiamu ni tawi lake kubwa.

Yapo makosa mawili ninayoyaona mara nyingi kwenye hatua hii. La kwanza ni kuchanganya faida na mapato; kanuni ikisema mapato, usichukue faida hata kama inaeleza ukweli vizuri zaidi. La pili ni kuamini ukurasa wa mbele wa tovuti. Kampuni ikijiita "ya nishati ya kesho" kwenye picha kubwa, nenda kwenye jedwali.

Siyo fahirisi zote zinazotumia mapato. Zile za S&P Kensho zinaanza kwa kusoma nyaraka rasmi za kampuni kwa kompyuta, zikitafuta maneno ya mada, kisha huzigawa kampuni kuwa za kiini na zisizo za kiini. MSCI nayo huunganisha maneno ya mada na maelezo ya shughuli za kampuni, ikazipa alama. ROBO Global, ya roboti, ilijulikana kwa kuwa na wataalamu wanaotoa alama. Maoni yangu: njia ya mapato ni ngumu kwa kampuni changa lakini unaweza kuikagua mwenyewe ukiwa umekaa Kamalondo na simu yako. Njia ya maneno inawahi kuona kampuni mpya, ila inaipa zawadi kampuni inayojua kuandika. Mwanzoni tumia mapato.

Hatua ya 5: Chujio la ukubwa, kwa hisa huru

Ukubwa ni bei ya hisa mara idadi ya hisa. Lakini fahirisi huhesabu hisa huru tu, yaani zile ambazo mtu yeyote anaweza kuzinunua sokoni. Hisa zilizoshikwa na serikali, familia ya mwanzilishi au kampuni mama hutolewa.

LG Energy Solution ya Korea Kusini ni mfano mzuri. Ilipoingia sokoni Januari 2022, kampuni mama yake LG Chem ilibaki na zaidi ya asilimia 80. Jitu kubwa la betri, lakini kwa macho ya fahirisi lilikuwa chini ya moja ya tano ya ukubwa wake.

Hesabu: hisa milioni 500 kwa dola 40 ni bilioni 20. Mama anashika asilimia 80. Zinazohesabiwa ni bilioni 4. Andika bilioni 4 kwenye jedwali lako na usiiguse tena ile 20.

Kisha weka kima cha chini. Kwenye fahirisi za mada utakuta kuanzia dola milioni 100 au 200 kwenda juu. Weka 200 kwa zoezi.

Hatua ya 6: Chujio la ukwasi

Ukwasi ni wepesi wa hisa kununuliwa na kuuzwa sokoni. Zidisha bei kwa idadi ya hisa zilizouzwa kila siku, chukua wastani wa miezi 3 au 6. Kima cha dola milioni 1 au 2 kwa siku ni cha kawaida.

Sababu yake ni ya vitendo. Chukua mfuko wenye dola milioni 100 unaotakiwa kushika asilimia 2 ya hisa fulani, yaani dola milioni 2. Hisa hiyo inauzwa dola 400,000 kwa siku. Mfuko ukijizuia kununua sehemu ya tano tu ya soko la siku ili usipandishe bei, unapata dola 80,000 kwa siku. Utamaliza baada ya siku 25 za soko. Mtunga fahirisi anajua kwamba orodha isiyonunulika haina mteja.

Hatua ya 7: Chujio la makatazo

Hapa maswali ya watu wetu huwa mazito, na yanastahili jibu la wazi.

Fahirisi nyingi zina makatazo ya aina tatu. Kwanza bidhaa: silaha zilizokatazwa kama mabomu ya ardhini, tumbaku, mara nyingi makaa ya mawe. Pili mwenendo: kampuni inayohukumiwa na mtathmini kwamba inakiuka zile kanuni 10 za Mkataba wa Dunia wa Umoja wa Mataifa kwa kampuni, kuhusu haki za binadamu, kazi, mazingira na rushwa. Tatu vikwazo vya serikali.

Wengi hudhani madini kutoka Kongo ni katazo lenyewe. Hapana. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inataka kampuni zilizo kwenye masoko ya huko zitoe taarifa kama zinatumia bati, tantali, tangsteni au dhahabu kutoka Kongo na nchi jirani. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanaijua vizuri. Ni sheria ya kutoa taarifa. Haimfukuzi mtu kwenye fahirisi. Na kobalti haimo kati ya madini yale manne.

Kinachoiangusha kampuni ni kesi au kipimo kilichoandikwa. Mei 2020 mfuko wa taifa wa Norway uliitoa Glencore kwa sababu ilizidi kipimo chake cha tani milioni 20 za makaa ya mawe ya kuchoma kwa mwaka. Mei 2022 Glencore hiyohiyo ilikiri mahakamani Marekani makosa ya rushwa katika nchi kadhaa, na Kongo ikiwemo. Mambo mawili tofauti, na kila fahirisi huyapima kwa kipimo chake: moja inaweza kuitoa kwa makaa, nyingine kwa rushwa, ya tatu ikaiacha. Kwa hiyo usiandike "kampuni mbaya" kwenye jedwali lako. Andika ni kanuni ipi imevunjwa, na tarehe.

Vikwazo vya serikali huja ghafla. Januari 2021 MSCI iliiondoa SMIC, mtengenezaji wa chipu wa China, baada ya amri ya rais wa Marekani ya Novemba 2020. Machi 2022 iliziondoa hisa za Urusi kwenye fahirisi za masoko yanayoinukia kwa bei iliyokaribia sifuri. Hapo hakuna jedwali la mapato linalosaidia.

Hatua ya 8: Panga, kata, weka ukingo

Zipange zilizobaki kwa mtaji wa hisa huru (ule ukubwa wa Hatua ya 5), kubwa juu. Amua idadi: 20, 30, 40. Kwa zoezi, 10.

Kisha weka ukingo ili orodha isiyumbe. Mfano: kampuni mpya huingia ikifika nafasi ya 8 au juu zaidi, iliyomo tayari hubaki mpaka ishuke chini ya 12. Bila ukingo, ya 10 na ya 11 zitabadilishana kila mara, na mfuko utalipa gharama za kununua na kuuza bure.

Hatua ya 9: Gawa uzito, weka kikomo

Tumia kampuni tano, kikomo asilimia 30, namba za kutunga. Mtaji wa hisa huru kwa mabilioni ya dola: A 120, B 40, C 20, D 12, E 8. Jumla 200.

Uzito wa kwanza: A 60, B 20, C 10, D 6, E 4.

A imezidi. Ikate hadi 30. Zilizobaki mkononi ni pointi 30, zigawe kwa B, C, D na E kulingana na uzito wao, ambao jumla ni 40. B inapata 15 na kufika 35. C inafika 17.5, D 10.5, E 7.

Wengi huishia hapo. Angalia B: imezidi kikomo kwa sababu ya pointi tulizoipa. Rudia. B hadi 30, pointi 5 zigawe kwa C, D na E, ambazo jumla yake ni 35. C inakuwa 20, D 12, E 8.

Jumlisha: 30, 30, 20, 12, 8. Mia moja. Endelea kurudia mpaka hakuna iliyozidi.

Vikomo vya kweli kwa kawaida huwa kati ya asilimia 4.5 na 10. Kumbuka kwamba kikomo mara idadi ya kampuni lazima kifike 100. Kampuni tano kwa kikomo cha 10 haziwezi kukamilisha fahirisi hata ukihesabu usiku kucha.

Hatua ya 10: Kalenda

Andika tarehe nne: ya kukata data (kufunga namba zitakazotumika), ya kufanya mapitio, ya kutangaza, ya kuanza kutumika. Mapitio huwa mara mbili au nne kwa mwaka. Kati ya mapitio, uzito huelea na bei, na wanachama hawabadiliki isipokuwa kampuni ikiunganishwa, ikifilisika au ikifungiwa.

Tarehe 22 Februari 2025 Kongo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje, na tangu Oktoba mwaka huo ikaingia mfumo wa viwango maalumu vya kuuza. Hapa mjini kila mtu alilijadili. Fahirisi haikungoja wala haikukimbia: bei zilisogea, uzito ukaelea, orodha ikabaki hadi tarehe yake. Mapitio ya dharura yapo lakini ni nadra. Fahirisi ya Nasdaq-100 ya Marekani ilifanya moja lililoanza kutumika 24 Julai 2023, kwa sababu kampuni chache kubwa zilikuwa zimelemea uzito wote.

Ikikwama

*Kampuni ina mgodi mkubwa lakini mapato yake ni sifuri.* Angalia kama mgodi ni wa ubia. Ivanhoe ina asilimia 39.6 ya Kamoa-Kakula, na kwa kuwa haiudhibiti peke yake, mauzo ya mgodi hayaingii kwenye mstari wake wa mapato. Huingia sehemu yake ya faida tu. Kwa miaka shaba ilitoka Kolwezi huku mstari ule ukiwa mtupu. Chujio la mapato litaiangusha, nawe andika sababu pembeni.

*Zimebaki kampuni nne tu.* Legeza mapato kabla ya ukwasi: shuka kutoka 50 hadi 20 kwa ngazi ya pili. Usishushe ukwasi ili kujaza orodha. Fahirisi nyembamba ina hatari yake. Ile ya S&P ya nishati safi ilikuwa na kampuni 30, pesa nyingi zikaifuata, na Aprili 2021 ikabidi ipanuliwe hadi zaidi ya 80.

*Ripoti haigawanyi mapato kwa matawi unayotaka.* Soma maelezo ya menejimenti, mara nyingi asilimia hutajwa kwenye maandishi. Ukikosa, iweke ngazi ya pili na alama ya kuuliza. Usibuni namba.

*Ripoti iko kwa Kichina.* Kampuni iliyoorodheshwa pia Hong Kong kwa kawaida hutoa toleo la Kiingereza kule.

*Namba hazilingani kati ya kampuni.* Hakika umechanganya sarafu au miaka. Badili zote ziwe dola kwa kiwango cha tarehe moja, ile ya kukata data, na hakikisha ripoti zote ni za mwaka mmoja wa hesabu. Kampuni za Japani nyingi hufunga mwaka Machi.

*Orodha yako haifanani na ya fahirisi ya kweli yenye mada ileile.* Linganisha kwa mpangilio huu: sentensi ya mada, uzio, mpaka wa mapato, hisa huru, kisha tarehe. Kwa kawaida tofauti itajitokeza kwenye mbili za kwanza. Angalia pia toleo la kitabu cha kanuni ulichopakua. Kanuni hubadilishwa, na kwenye vitabu vingi kuna jedwali la mabadiliko kwenye kurasa za mwisho, lenye tarehe ya kila badiliko. Anzia hapo kabla ya kufuta jedwali lako.